Mama Mkwe Anafungua Mdomo, Sauti Inatoka Kwangu

Mpendwa Shangazi Delphia,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, hata mwaka ule mlipoweka picha ya bendi yetu juu ya habari ya wezi wa matrekta sikuandika, nilicheka tu, lakini leo naomba unisikilize mpaka mwisho na unisaidie, maana sina wa kumweleza, wote ninaowaamini wako kwenye bendi na bendi yenyewe ndiyo familia, ukikosana na mtu Ijumaa, Jumamosi mnabanana naye kiti kimoja mpaka Tennessee.

Nimeolewa kwenye familia inayopiga bluegrass, muziki wetu wa milimani wa banjo na fidla, na majina nimeyabadilisha. Baba mkwe, tumwite Harless, ndiye aliyeianzisha bendi na ndiye mwenye gitaa. Mama mkwe wangu, Orpha, anaimba sauti ya juu, ile inayokaa juu ya wimbo na kuwasisimua watu mwili mzima. Mume wangu, Arlis, ana mandolini na ndiye anayeongoza wimbo, wifi yangu Dreama ana banjo na anaimba sauti ya chini, halafu nyuma yao niko mimi na besi ya kusimama inayonizidi kimo, na mimi siimbi. Yaani siruhusiwi kuimba.

Nikueleze hilo la kutoruhusiwa. Dreama aliwahi kuolewa na kijana mmoja mpiga fidla, kijana huyo akaimba na bendi, akajifunza kila wimbo na kila sauti inavyopandana na nyingine, kisha akamwacha Dreama akaenda kuanzisha bendi yake na nyimbo zetu zote, mpaka utani wa Baba wa jukwaani akaubeba. Tangu hapo Baba ameweka sheria: "Mkwe anapiga, haimbi. Damu ndiyo inayoimba." Anaisema mezani, anaisema garini, anaisema jukwaani na watu wanapiga makofi, kwa sababu unajua mwenyewe watu wa huku wanavyopenda kuamini kwamba ndugu wakiimba pamoja kuna kitu ambacho mgeni hata afanyeje hakipati. Na mimi sikubisha, Shangazi, niliolewa kwa ajili ya Arlis, si kwa ajili ya maikrofoni.

Lakini naimba. Nisikufiche, naimba vizuri sana, silisemi hilo kwa majigambo, nalisema kama mtu mrefu anavyosema yeye ni mrefu. Nimekulia West Virginia kwenye kanisa lisilotumia chombo chochote cha muziki, ni midomo mitupu, na mama yangu na marehemu mama mdogo Icy walikuwa wakianza wimbo hata mchungaji anasahau alichotaka kuhubiri. Sauti ya juu niliijua kabla sijajua kufunga viatu.

Sasa, uelewe tunavyosimama. Bendi nyingine kila mtu ana maikrofoni yake, sisi tunayo moja tu, katikati, na wote tunaizunguka kama watu wanaoota moto. Anayeimba anasogea, banjo ikitaka kusema peke yake Dreama anaingia nayo kifuani, akimaliza anarudi nyuma na mwingine anapita, na hatugongani kwa sababu tumezoeana. Ukisogea hatua moja unasikika, ukirudi hatua moja unapotea, miguu yako ndiyo fundi wako wa sauti.

Mwaka juzi, majira ya kuchipua, tulipiga kwenye ukumbi wa zimamoto kumsaidia jirani aliyeunguliwa na nyumba, watu wameshiba maharage na mkate wa mahindi, Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua kifua. Wimbo ukafika kwenye kiitikio, Mama akafungua mdomo kwenda juu na sauti ikakatika. Na mimi nyuma ya bega lake, mikono iko kwenye nyuzi, sikufikiri hata kidogo, nikaidaka palepale ilipoangukia nikaipandisha mpaka mwisho. Mama hakufunga mdomo. Watu walisimama, bibi mmoja wa mbele alilia waziwazi, na Baba alimkumbatia mkewe jukwaani akasema, "Mnamwona huyu? Kifua kibovu na bado anaimba hivi!"

Garini Mama alikuwa akigawa mikate yenye nyama ya nguruwe kama kawaida yake, akanipa wa kwangu, akasema bila kunitazama, "Besi yako leo ilipanda juu sana."

Nikamwambia, "Imekukera, Mama?"

"Nimesema imenikera? Kula mkate wako."

Basi, hayo ndiyo mazungumzo yetu yote kuhusu jambo hilo mpaka leo. Onyesho lililofuata nilijiambia nifunge mdomo wangu, nisijitafutie balaa, lakini tulipokwenda kusimama nikaona Mama amesimama tofauti, amesogea kushoto kidogo, pameachwa uwazi kati ya bega lake na bega la Dreama, na uwazi wenyewe unaniweka mimi na maikrofoni uso kwa uso. Kiitikio kikafika. Mama akafungua mdomo, nami nikaimba. Na tangu hapo ni hivyo kila tunapopiga, Virginia, Kentucky, Karolina zote mbili, kwenye matamasha watu wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja wanatikisa vichwa, wanasema Orpha amerudi ujana, na mwandishi mmoja aliandika kwamba sauti yake imekomaa lakini haijazeeka. Nilisoma hayo nikiwa namenya viazi na kwa kweli nilifurahi, kisha nikakasirika, kisha nikaendelea kumenya.

Utauliza kama wengine hawajui. Arlis anajua, anasimama mkabala nami analiona koo langu. Dreama anajua, kiitikio kikifika anatazama dari hata kama tuko nje na dari hakuna. Baba sikio lake la upande wangu liliharibiwa na misumeno ya kiwanda cha samani, hilo ndilo linaloelekea kwangu, kwa hiyo sijui, na kumuuliza ndiyo kumwambia.

Mama si mtu mbaya, Shangazi, nisikudanganye ili unionee huruma. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa kabla ya wakati Mama alihamia kwangu na koti moja tu akakaa mpaka mtoto akaweza kunyonya. Baba hupenda kusimulia jukwaani jinsi alivyomkuta Orpha akiimba kwenye mkutano wa injili na mashavu mekundu kwa baridi, akamleta kwenye bendi ambayo wakati huo ilikuwa yeye na kaka zake wawili, kaka zake wakakataa kuimba naye, Baba akawaambia kwa heri ndugu zangu. Watu hucheka kila mara, Mama huinamisha kichwa. Nampenda. Kama shida ingekuwa ni kumchukia ningeshaimaliza siku nyingi.

Kilichonivunja ni simu ya mama yangu mzazi. Redio ilirusha tamasha letu la kiangazi, yeye akalisikiliza jikoni kwake huko milimani, akanipigia.

"Mwanangu, huyo mama mkwe wako kwao ni wapi?"

"Ni wa hapahapa, Mama. Kwa nini?"

"Anaimba kama watu wetu. Ile sauti ni ya Icy kabisa, nimelazimika kukaa chini. Mpe mkono, mwambie amenirudishia mdogo wangu."

Nikasema nitamwambia. Shangazi, mama yangu amenisikia kwa masikio yake, akanijua, na bado akamshukuru mtu mwingine, na mimi nikasema nitamwambia.

Sasa Baba ameamua turekodi albamu. Amepata studio mjini Roanoke, na fundi wa huko ameshatueleza utaratibu, kila mtu atakaa kwenye chumba chake cha kioo na vifaa vyake vya masikioni, kila sauti peke yake, zitaunganishwa baadaye. Baba alitangaza mezani Jumapili, furaha imemjaa, akasema, "Hatimaye watamsikia Orpha peke yake, safi, bila banjo kumpigia kelele sikioni."

"Asante, Baba," Dreama akasema.

Mama akainuka kwenda kuangalia pai jikoni. Pai ilikuwa mezani mbele yetu.

Tulipofika nyumbani Arlis akaniambia ameshafikiria kila kitu, ataongea na fundi pembeni, Mama ataingia kwenye kioo aimbe siku ya familia nzima, halafu siku nyingine mimi nitakwenda peke yangu niimbe ileile, fundi abadilishe, na jina kwenye albamu libaki la Mama.

"Nani atajua?" akaniuliza.

"Mimi nitajua."

"Wewe unajua hata sasa na hujafa."

"Jukwaani inapeperuka, Arlis. Hii itakaa. Watoto wetu wataicheza."

"Ni mama yangu yule. Unataka aumbuliwe kwenye kioo, vijana wa studio wakimwangalia?"

Sitaki. Lakini sitaki pia kuingia mjini kwa kujificha niimbe kwa jina la mtu mwingine kama mwanamke anayekwenda kwa hawara. Mimi nimepata wazo la kumwomba Baba tukatae vioo, tuseme sisi ni watu wa zamani, tutarekodi kwenye maikrofoni moja kama tunavyopiga jukwaani, hapo kila kitu kitabaki kilivyo na hakuna atakayeumia. Arlis anasema fundi hatakubali. Au nikatae kabisa, na kitakachomkuta Mama kimkute? Nimemwazima sauti yangu kwa moyo mweupe, na sijutii hata siku moja niliyoimba, ila sasa naona naambiwa nimpe moja kwa moja. Tunaingia studio kabla ya majani kuanza kupukutika. Niambie la kufanya, na nitalifanya.

Mimi,
Wa Nyuma ya Besi, Kaunti ya Carroll

*

Mwanangu wa Nyuma ya Besi,

Barua yako nimeisoma kwa pumzi moja kwa sababu hukuniachia mahali pa kupumulia. Jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza, na gazetini litatoka mkishamaliza kurekodi, ili pasiwe na mtu wa kukuwahi kwa mama mkwe wako. Na nyinyi wasomaji mnaoanza kunusanusa ni akina nani hawa, tulieni. Bendi za familia zenye mama anayeimba juu zimejaa kutoka hapa mpaka mwisho wa Kentucky.

Pole kwa ile simu. Mama yako mzazi kuitambua sauti uliyozaliwa nayo halafu shukrani ikaenda nyumba ya pili, hilo linauma, na atakayekuambia ni jambo dogo mwonyeshe mlango. Pole yangu imeishia hapo. Sasa kaa vizuri.

Unasema umemwazima mama mkwe wako sauti. Hukumwazima. Kitu cha kuazima huombwa, na wote wawili hujua kitarudi lini. Wewe uliidaka sauti ilipoanguka, na siku ile ulifanya vizuri kabisa, mwanamuziki mwenzako akianguka unamshika, hayo ndiyo malezi. Onyesho la pili ndilo mlilotakiwa kukaa na kuzungumza. Badala yake mkala mikate. Wanawake wawili wazima, mnaosafiri gari moja, mnaopokezana watoto, mmemaliza mwaka na zaidi mkizungumza kwa mabega! Mficha uchi hazai, mwanangu, na nyinyi mmeuficha kwa ustadi mpaka unapigiwa makofi.

Na hilo wazo lako la maikrofoni moja studioni, ambalo umeliandika kwa unyenyekevu mwishomwisho kana kwamba sitaliona, litupe. Nimekaa mbele ya majukwaa haya tangu nikiwa na meno yangu yote, na napenda bendi inayoimba kwenye maikrofoni moja kuliko nyingine yoyote, napenda kuona watu wanavyopishana bila kuangaliana. Lakini wewe huitaki kwa sababu ya muziki. Unaitaka iwe pazia. Ungekuwa unatetea desturi ningekuunga mkono, ila unachotetea ni maficho yenu, na utamtumia Baba na mapenzi yake ya zamani kuyatetea bila yeye kujua. Njia hiyo ni mbaya kuliko hata ya mumeo.

Ya mumeo nayo ni mbaya. Mpe asome hapa mwenyewe. Arlis, mwanangu, unampenda mama yako, nimeona, lakini umemtafutia mama yako aibu ya siri na mkeo wizi wa siri, halafu ukaita hiyo kufikiria kila kitu. Umefikiria kila kitu ila wao wawili. Siku mama yako atakaposikiliza albamu akasikia noti ambazo anajua hakuziimba, zina jina lake, na kila mtu anamsifu, sifa hizo atazimezaje? Jukwaani angalau alikuwa amesimama pale, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka, anafanya kazi. Studioni utamwondoa hata hapo. Njia ya mwongo fupi, na hii yako haifiki hata barabara kuu. Usiongee na fundi yeyote pembeni. Kama umeshaongea naye, mwambie umefuta.

Turudi kwako. Umeandika kurasa nzima kuhusu damu na sheria ya Baba, na jambo kubwa kuliko yote umelipitia kama mtu anayepita gari lililoharibika. Orpha alizaliwa kwenye familia hiyo? Hakuzaliwa. Aliletwa kutoka kwenye mkutano wa injili na mashavu mekundu, shemeji zake wakamkataa, wakasema nini nadhani unaweza kukisia, na mumewe akawaambia kwa heri. Sauti ambayo Harless anaiita ya damu imekuwa ya mkwe tangu siku ya kwanza. Bendi hiyo haijawahi kuwa na sauti ya juu isiyotoka nje. Kisha akaja mpiga fidla mmoja asiye na haya, akaondoka na nyimbo, na kwa kosa lake wakwe wote wazuri waliobaki mnalipa nyinyi. Sheria hiyo ni kidonda, si desturi ya zamani, na mtu pekee mwenye haki ya kumwambia Harless hivyo yuko jikoni kwake.

Usimwendee Harless. Kama anajua au hajui kwa sikio lake moja si kazi yako kuchunguza. Nenda kwa Orpha.

Na usiende ukijikunyata. Mwanamke huyu hakukuficha, alikufungulia. Mtu asiyetaka kusaidiwa angekaza bega, angekwambia garini ufunge bakuli lako, angemwambia mumewe akurudishe nyuma hatua mbili. Yeye alisogea. Kwa mwanamke wa umri wake, aliyeimba mahali pale maisha yake yote, kusogea nusu hatua ni hotuba ndefu, nawe umeisikia kila onyesho na hujaijibu. Pengine amechoka kungoja useme. Alipokimbilia jikoni kuangalia pai iliyokuwa mezani, ulikaa unafanya nini? Ulitakiwa kumfuata.

Kwa hiyo nenda kesho asubuhi, Harless akishatoka. Mumeo abaki nyumbani na watoto, na wewe usibebe keki wala ua, huendi kuomba msamaha. Anza kazi yoyote anayoifanya, ukate maharage, ukunje shuka, mikono ikiwa na shughuli mdomo unapata nafasi. Kisha useme wazi: "Mama, naomba nafasi ya juu. Naiomba kwako, na nataka unipe mwenyewe." Useme hivyohivyo. Usiseme sauti yako imekwisha, kwa sababu haijakwisha. Imeshuka. Sauti za wanawake wengi hushuka, na ikishuka hupata uzito ambao nyie vijana hamna. Zile nyimbo za injili za polepole ambazo mumeo anaziongoza kwa haraka kama anayekimbilia basi, aziongoze Orpha, chini, kwa sauti aliyonayo leo, na wewe ukae juu yake, na Dreama atafute mahali pa kukaa, ni mtu mzima na banjo haitamwacha. Nakuhakikishia watu watatafuta leso. Na mwombe akufundishe. Usinicheke. Umeniambia unaimba vizuri, nimekuamini, lakini yeye anajua wapi pa kuvuta pumzi Arlis anapochelewesha neno, na anajua mambo ambayo kanisa lenu la midomo mitupu halikukupa kwa sababu halikuwa na banjo ya kushindana nayo.

Akikubali, kabla ya studio mna maonyesho, lazima mna hata moja. Hapo akukabidhi mbele ya watu. Asitangaze Harless, atalia au atatania, na yote mawili yataharibu. Atangaze Orpha mwenyewe maneno machache anayoyataka, arudi hatua moja, akuvute mkono uingie. Watu wetu wanaelewa kukabidhiana nafasi kwenye maikrofoni kuliko wanavyoelewa hotuba. Na mumewe ataambiwa na Orpha mwenyewe, usiku au mchana, watakavyo, humo ndani usiingie.

Baada ya hapo mpigie mama yako mzazi. Hilo sina haja ya kukufundisha.

Akikataa? Anaweza. Watu wana haki ya kukataa, hata wanapokosea. Usigombane, usilie, usimwite Arlis. Nenda mazoezini sebuleni kwao kama kawaida, upige besi vizuri kuliko siku zote, na ufunge mdomo. Nimesema mazoezini. Ukithubutu kumfanyia hivyo jukwaani sitakutetea. Sebuleni ni wao tu, hakuna mgeni wa kumcheka, na kiitikio kikifika watasikia wote kilichopo na kisichokuwepo. Asipobadilika siku hiyo, fanya hivyo tena mazoezi yanayofuata. Sidhani kama mtafika huko, mwanamke aliyekaa kwako na koti moja hana roho hiyo, lakini lazima ujue kwamba huendi kwake mikono mitupu. Bila wewe wimbo haufiki juu. Unalijua hilo, na ndiyo maana barua yako ina kiburi kidogo, nami sikulaumu kwa kiburi hicho. Nakulaumu kwa kukiweka nyuma ya besi.

Mwisho nikuambie nitakachofanya mimi. Albamu yenu itakapotoka nitainunua dukani kama mtu mwingine yeyote, nitaigeuza nyuma, nivae miwani, nitafute kama mpiga besi ameandikwa kati ya waimbaji. Nisipomwona, safari hiyo nitakayeandika barua ni mimi.

Shangazi Delphia